Tathmini ya mfuko wa pensheni wa kazini, kwa upande wa mfanyakazi wa saa chache

Tathmini nyingi za mifuko ya pensheni huanza na faida ya uwekezaji na kasi ya kulipa mafao. Hayo yana umuhimu wake, lakini mfanyakazi wa saa chache ana swali linalotangulia yote: je, saa zangu zitanifikisha kwenye pensheni, au nitakatwa michango kwa miaka mingi na mwishoni niambiwe kwamba sikutimiza masharti? Kwa swali hilo nimeupima mfuko wa kazini ambao mimi ni mwanachama wake, na ambao tangu nijiunge nao nimekuwa nikifanya kazi chini ya saa za kawaida. Sitautaja kwa jina, kwa kuwa kanuni zake nyingi ni zile zile zinazotumika katika mifuko mingine, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kutazama katika mfuko wake kuliko akijua jina la wangu. Hukumu yangu ni kwamba kikokotoo chake, yaani kanuni ya kukokotoa kiasi cha pensheni, ni cha haki, na wanachama wa saa chache wana sababu ya kukishukuru. Lakini utaratibu wake wa kuhesabu saa, ambao ndio unaoamua nani atakifikia kikokotoo hicho, una kasoro zinazoweza kumnyima mtu haki yake bila mwenyewe kujua.

Kila mfuko wa aina hii hufanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kustahili: mtu huyu ametimiza muda unaotakiwa ili awe na haki ya pensheni? Ya pili ni ya kiasi: kwa kuwa anastahili, alipwe kiasi gani? Mfuko unaomtendea haki mfanyakazi wa saa chache huzitenganisha hesabu hizi. Katika ya kwanza, mwaka aliotumikia huhesabiwa kuwa mwaka, hata kama alikuwa kazini nusu ya wiki; katika ya pili, nusu ya saa za kawaida humpa nusu ya malipo. Ndivyo ulivyo mfumo wa watumishi wa serikali kuu ya Marekani unaojulikana kama FERS, ambamo muda wa saa pungufu huhesabiwa mwaka kwa mwaka wakati wa kutafuta sifa, kisha hupunguzwa kwa uwiano wakati wa kukokotoa malipo. Hakuna mfanyakazi wa saa chache anayedai alipwe sawa na aliyeshinda kazini wiki nzima. Anachodai ni kwamba punguzo lifanyike mara moja tu, katika malipo, na lisitumike pia kumzuia mlangoni.

Madhara ya kuzichanganya hesabu hizo yalijitokeza wazi katika kesi ya Isabel Elbal Moreno dhidi ya taasisi ya hifadhi ya jamii ya Uhispania, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwezi Novemba 2012. Mama huyu alifanya kazi ya usafi kwa miaka 18, kwa saa 4 kila wiki, yaani asilimia 10 ya saa za kawaida. Sheria ilitaka miaka 15 ya uchangiaji, na kwa kuwa muda wake ulipunguzwa kwa kadiri ya saa kabla hata hajafika kwenye malipo, miaka yote 18 ilisinyaa ikawa michache tu, naye akanyimwa pensheni. Ilielezwa mahakamani kwamba angelazimika kufanya kazi miaka 100 ili afikishe ile 15, na malipo ambayo angepata baada ya hapo yangekuwa euro 112.93 kwa mwezi. Yaani kiasi chenyewe kilikuwa kimeshapunguzwa kadiri inavyostahili, na bado akafungiwa nje. Mahakama iliona kwamba kanuni hiyo iliwaumiza wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio wengi miongoni mwa wafanyakazi wa saa chache. Uhispania ilirekebisha sheria zake kwa hatua, na tangu Oktoba 2023 siku ya ajira ya saa chache huhesabiwa kuwa siku kamili katika kutafuta sifa za pensheni.

Mfuko wangu hauna ukali wa namna hiyo. Kujiunga kwenyewe ni rahisi: mwanachama huandikishwa tangu siku ya kwanza ya mkataba, bila kujali idadi ya saa, na mchango wa mwajiri huanza mwezi huo huo. Jambo hili nalipatia alama za juu, maana mifuko mingi huweka kizingiti hapo hapo. Nchini Uingereza, kwa mfano, mwajiri hulazimika kumwandikisha mfanyakazi moja kwa moja pale tu anapofikisha mapato ya pauni 10,000 kwa mwaka katika kazi hiyo. Aliye chini ya hapo anaweza kuomba mwenyewe aingizwe, na mwajiri hulazimika kumchangia iwapo mapato yake yanazidi pauni 6,240. Haki ipo, lakini ni ya kuombwa, na mtu asiyejua kwamba inaombwa hukaa miaka mingi bila mchango wowote.

Vizingiti vya zamani vilikuwa vikali zaidi. Duka kubwa la Bilka la Ujerumani lilikuwa na kanuni kwamba mfanyakazi wa saa chache hapati pensheni ya kampuni isipokuwa awe amefanya kazi ya saa kamili kwa angalau miaka 15 katika kipindi cha miaka 20. Karin Weber von Hartz alikuwa muuzaji katika duka hilo kuanzia 1961 hadi 1976, na miaka yake ya mwisho aliifanya kwa saa chache, hivyo akakataliwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1986 Mahakama ya Ulaya ikatamka kwamba kuwatenga wafanyakazi wa saa chache kwenye pensheni ya kazini ni ubaguzi dhidi ya wanawake endapo wengi wanaoathirika ni wao na mwajiri hana sababu ya msingi isiyohusiana na jinsia. Miaka minane baadaye, mwaka 1994, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 175 kuhusu kazi za saa chache, unaotaka mifumo ya kisheria ya hifadhi ya jamii iwape wafanyakazi hawa masharti yanayolingana na ya wenzao wa saa kamili, kwa uwiano wa saa, michango au mapato. Mkataba huo unaruhusu kuwepo kwa vizingiti, ila unataka viwe vya chini kiasi cha kutowaacha nje watu wengi kupita kiasi. Sharti hilo ndilo ninalolitumia kuipima kanuni ya saa ya mfuko wangu.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwanachama huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi akifikisha saa 1,000 katika kipindi cha miezi 12, na akishakuwa na miaka mitano ya aina hiyo, haki yake ya pensheni haiwezi kufutwa tena hata akiacha kazi. Kipimo cha saa 1,000 kinajulikana sana kutokana na sheria ya pensheni ya Marekani ya mwaka 1974, iitwayo ERISA, iliyoruhusu mifuko ya waajiri binafsi kukitumia kuwa kiwango cha mwaka wa utumishi. Kwa mtazamo wa haraka kipimo hicho kinaonekana cha wastani, kwa kuwa ni takriban nusu ya saa za mwaka mzima za mfanyakazi wa kawaida. Tatizo liko pale kwenye ukingo wake.

Chukua mkataba wa saa 20 kwa wiki. Wiki 52 zinatoa saa 1,040, na mwaka unahesabiwa. Mkataba wa saa 19 kwa wiki unatoa saa 988, na mwaka hauhesabiwi, ingawa tofauti ya kazi iliyofanyika katika wiki ni saa moja tu. Mtu anaweza kufanya kazi kwa mkataba huo wa saa 19 kwa miaka 20, akachangia kila mwezi, na katika kitabu cha mfuko akawa na miaka sifuri ya utumishi. Nimeiona mikataba ya saa 19 mingi kuliko ninavyoweza kuamini kwamba ni bahati nasibu, na nadhani kila anayepewa mkataba wa aina hiyo ana haki ya kumwuliza mwajiri wake kwa nini isiwe 20. Swali hilo huulizwa kabla ya kutia saini, maana baada ya hapo ofisi ya utumishi hulichukulia kuwa ombi la kuongezewa mshahara.

Hata mwenye saa 20 hayuko salama. Akichukua wiki nne za likizo isiyo na malipo, anabaki na saa 960 na mwaka wake unapotea. Likizo hiyo ingekuwa ya malipo, saa zake zingehesabiwa kama za kazini, kwa sababu kanuni ya mfuko, sawa na kanuni za ERISA, huhesabu kila saa ambayo mfanyakazi amelipwa au anastahili kulipwa, ikiwemo sikukuu, ugonjwa na likizo, kwa viwango vilivyowekwa. Kwa hiyo mwanachama wa saa chache anapojaza fomu ya likizo anapaswa kutazama kwanza saa alizokwisha kukusanya katika mwaka huo. Fomu yenyewe haimwambii, na mkuu wake wa idara aghalabu hajui. Hapa naulaumu mfuko waziwazi, kwa kuwa unayo takwimu ya kila mwezi na ungeweza kumwonya mtu aliyebakiza saa 40 kufikia kiwango, lakini humpelekea taarifa mara moja tu kwa mwaka, mwaka ukiwa umeshafungwa.

Mwenzangu mmoja wa idara yetu alipokea taarifa hiyo ikionyesha saa 982. Alikuwa ametunza hati zake zote za mshahara, akazijumlisha, akaona kwamba mafunzo ya kazini ya siku tatu, saa 24 zilizolipwa chini ya msimbo tofauti wa malipo, hayakuingizwa. Ukijumlisha unapata saa 1,006. Alipokwenda kwenye dawati la huduma kwa wanachama, mhudumu alimsikiliza vizuri na kumwambia, “Dada, kama zimelipwa, zinahesabiwa, niletee nakala za hati tu.” Rekodi ilirekebishwa ndani ya muda waliomwahidi na mwaka wake ukarudi. Namsifu mhudumu yule kwa dhati. Hata hivyo, jambo la kutia wasiwasi ni kwamba kosa lilitokana na mfumo wa mishahara wa mwajiri kutotuma saa za mafunzo, na kila mwenye saa chache aliyehudhuria mafunzo yale alikuwa na pengo lile lile. Wa saa kamili hawakulihisi, maana mtu mwenye saa 2,000 hapotezi kitu akipungukiwa na 24.

Kuna njia nyingine za kuhesabu, na ni vyema mwanachama azifahamu ili aulize mfuko wake unatumia ipi. Kanuni za Marekani zinaruhusu mfuko kuacha kuhesabu saa halisi na badala yake kumwandikia mfanyakazi saa 10 kwa kila siku aliyofanya kazi angalau saa moja, au saa 45 kwa kila wiki ya namna hiyo, au saa 190 kwa mwezi. Tazama tofauti inayoletwa na jambo hili. Mfanyakazi wa saa 12 kwa wiki ana saa halisi 624 kwa mwaka na hafikii 1,000. Chini ya njia ya wiki, huandikiwa saa 2,340 na mwaka wake unahesabiwa bila shaka yoyote. Njia ya nne haihesabu saa kabisa, bali hupima muda kuanzia siku ya kuajiriwa hadi siku ya kuacha kazi, na hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa mfanyakazi wa saa chache. Mfuko wangu unahesabu saa halisi. Kwa maoni yangu, waajiri walioweza kuandikisha watu tangu siku ya kwanza wangeweza pia kupima muda wa ajira badala ya saa, na gharama yake isingekuwa kubwa, kwa kuwa kiasi cha malipo bado kingeendelea kupunguzwa kwa uwiano.

Kuna kundi lililo katikati ambalo hali yake ni ya kusikitisha zaidi. Mfuko huhesabu kwamba utumishi umekatika pale mwanachama anapokuwa na saa 500 au pungufu katika mwaka. Mwenye saa kati ya 501 na 999 hakatiki, lakini pia haongezeki. Hapotezi miaka aliyokwisha kuipata, na hapati mwingine, hata akikaa hivyo muda mrefu namna gani. Marekani ilianza kulishughulikia kundi hili kwa sheria ya SECURE ya mwaka 2019, iliyowapa wafanyakazi wenye saa 500 au zaidi kwa miaka mitatu mfululizo haki ya kuchangia katika mpango wa akiba wa mwajiri aina ya 401(k), na sheria ya pili ya mwaka 2022 ikapunguza muda huo kuwa miaka miwili, kuanzia 2025. Ni hatua nzuri, ingawa haimlazimishi mwajiri kuongeza mchango wake, na haigusi pensheni za kikokotoo kama ya mfuko wangu. Nimewaandikia wadhamini wanaousimamia mfuko kuwaomba waangalie walau nusu mwaka wa sifa kwa kila saa 500.

Kuhusu kupoteza haki, kanuni inamhusu zaidi yule ambaye hajafikisha miaka mitano. Akikatika kwa miaka mitano mfululizo, miaka yake ya awali inafutwa, na akirudi anaanza upya. Akirudi kabla ya hapo, ya zamani huunganishwa na mipya. Mzazi anayeacha kazi kulea mtoto, au anayemuuguza mzee nyumbani, anahitaji kuujua mpaka huo mapema, kwa sababu hata mwaka mmoja wa kurudi kwa zaidi ya saa 500 hukata mfululizo na kuilinda miaka yake ya nyuma. Saa 500 ni chini kidogo ya saa 10 kwa wiki, kazi ambayo watu wengi wanaolea wangeimudu kama wangejua kinachotegemea juu yake. Kijitabu cha wanachama kinalieleza jambo hili katika aya moja ya herufi ndogo, kwa lugha ambayo niliisoma mara kadhaa kabla ya kuielewa. Mfuko unaopenda wanachama wake ungeiweka katika ukurasa wa kwanza.

Hatari nyingine ya kupoteza sifa haitokani na saa bali na mkono wa mwanachama mwenyewe. Anayeacha kazi anaruhusiwa kuchukua michango yake, na fedha hiyo, mtu akiwa hana kazi, huonekana kama msaada ulioshuka wakati wake. Akiichukua, miaka yote inayotokana na michango hiyo inafutika, pamoja na sehemu ya mwajiri. Mfuko unampa nafasi ya kuirudisha baadaye pamoja na riba akiajiriwa tena na mwajiri mwanachama, lakini kwa mwenye mshahara wa saa chache, kurudisha fedha za miaka kadhaa kwa mkupuo ni mzigo mzito, na mfuko haukubali malipo ya awamu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ningependa kuona awamu zikiruhusiwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa aliyekwisha kufikisha miaka mitano, ushauri wangu ni kuiacha michango ilipo, isipokuwa dharura iwe kubwa kweli.

Sasa nije kwenye kikokotoo, ambacho nimekisifu. Mfuko hulipa asilimia 1.5 ya wastani wa mshahara kwa kila mwaka wa utumishi. Kwa mfanyakazi wa saa chache, miaka hupunguzwa kwa uwiano wa saa zake, lakini mshahara unaotumika ni ule ambao angelipwa kama angefanya kazi saa kamili. Kipengele hicho cha pili wengi hawakioni, nacho ndicho chenye thamani. Tuseme mshahara wa saa kamili wa kazi fulani ni 2,000 kwa mwezi, na mtu ameifanya kwa nusu ya saa za kawaida kwa miaka 20. Mwenzake wa saa kamili atapata asilimia 30 ya 2,000, yaani 600. Yeye anahesabiwa miaka 10 ya malipo, asilimia 15 ya 2,000, yaani 300, nusu kamili, na hapo haki imetendeka. Lakini mfuko ukichukua miaka 10 na mshahara wake halisi wa 1,000, pensheni inakuwa 150. Amepunguziwa mara mbili kwa sababu ile ile, na nusu imegeuka robo. Anayetaka kujua kama mfuko wake unafanya hivyo asitazame asilimia pekee; aulize ni mshahara gani unaoingizwa kwenye kikokotoo, na aombe jibu hilo kwa maandishi.

Kipengele hicho kinawafaa pia wanaopunguza saa wakikaribia kustaafu. Katika mifuko inayotumia wastani wa mshahara halisi wa miaka ya mwisho, mtu aliyefanya kazi saa kamili kwa miaka 25 na akapunguza saa katika ile mitatu ya mwisho huweza kuiporomosha pensheni ya maisha yake yote. Katika mfuko wangu hapungukiwi isipokuwa kwa miaka hiyo mitatu, tena kwa uwiano. Wenzangu wawili wamepunguza saa kwa utulivu kwa sababu ya kanuni hii, mmoja wao akiwa na matatizo ya mgongo ambayo yangemlazimisha kuacha kazi kabisa.

Wanaofanya kazi kwa misimu nao wametendewa vyema kuliko kwingine, kwa sababu mfuko unajumlisha saa za mwaka mzima bila kujali zimeangukia miezi ipi. Hilo si jambo la kuchukulia kirahisi. Wahudumu wa ndege wa shirika la Alitalia waliokuwa na mikataba ya kufanya kazi baadhi ya miezi na kupumzika mingine walikuta taasisi ya pensheni ya Italia, INPS, ikihesabu miezi waliyofanya kazi tu katika muda wa kustahili, kana kwamba mkataba wao ulikuwa ukifa na kufufuka. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ilisema kwamba kutohesabu miezi ile ya katikati katika muda wa kustahili ni kinyume cha kanuni ya kutowabagua wafanyakazi wa saa chache, isipokuwa pawepo na sababu ya msingi, kwa kuwa mkataba wao ulikuwa hai mwaka mzima.

Kasoro ninayoiona kubwa, na ambayo mfuko peke yake hauwezi kuimaliza, ni ya mtu mwenye waajiri wawili. Wafanyakazi wengi wa saa chache hawafanyi saa chache kwa jumla. Wanafanya saa 15 hapa na 18 pale. Mfuko huunganisha saa hizo iwapo waajiri wote wawili ni wanachama wake. Kama mmoja hayumo, kila upande unahesabu peke yake, na mtu anayefanya kazi saa 33 kwa wiki anaonekana katika vitabu vyote viwili kama asiyefikia kiwango. Kizingiti cha pauni 10,000 cha Uingereza nacho kina udhaifu huo huo, kwa kuwa hupimwa kwa kila kazi peke yake: mwenye kazi mbili za pauni 8,000 kila moja haandikishwi moja kwa moja popote. Japani, ambako mfanyakazi wa saa chache huingizwa katika pensheni ya waajiriwa akiwa na angalau saa 20 kwa wiki na mshahara wa yeni 88,000 kwa mwezi, imekuwa ikipanua wigo kwa kushusha ukubwa wa kampuni zinazohusika, kutoka zenye wafanyakazi zaidi ya 500 mwaka 2016 hadi zaidi ya 100 mwaka 2022 na zaidi ya 50 mwezi Oktoba 2024. Lakini saa 20 bado ni za mwajiri mmoja.

Mfumo wa taifa wa Marekani, Social Security, umelitatua jambo hili kwa kuhesabu mapato badala ya saa, na kuyajumlisha kutoka kazi zote. Mtu anahitaji pointi 40, zisizozidi nne kwa mwaka, na mwaka 2025 pointi moja ilipatikana kwa mapato ya dola 1,810. Aliyepata dola 7,240 katika mwaka huo, iwe kwa mwajiri mmoja au watatu, iwe kwa miezi miwili au kumi na miwili, alikamilisha pointi zake nne. Zaidi ya hapo, pointi zikishapatikana hazifutiki, hata mtu akikaa nje ya ajira kwa muda mrefu. Punguzo linakuja katika kiasi, ambacho hukokotolewa kwa miaka 35 ya mapato makubwa zaidi, na mwaka usio na mapato ukaingia kama sifuri. Huo ndio utenganishaji wa hesabu mbili nilioueleza mwanzoni, na natamani mifuko ya kazini iuige kwa kadiri inavyowezekana. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye saa chache asiutegemee mfuko wa kazini pekee. Ahakikishe mwajiri anawasilisha pia michango ya mfumo wa taifa, maana huko vizingiti mara nyingi ni vya chini na rekodi hudumu.

Tovuti ya wanachama ni ya kawaida. Inafunguka kwenye simu bila shida, inaonyesha michango ya kila mwezi, na ina kikokotoo cha makadirio, ingawa kikokotoo hicho humchukulia kila mtumiaji kuwa wa saa kamili mpaka abadilishe mwenyewe uwiano katika kisanduku kilicho chini ya ukurasa. Mtu asiyekiona hupata makadirio ya juu sana na kuondoka na matumaini yasiyo na msingi. Simu hupokelewa, japo foleni hurefuka mwisho wa mwaka. Dawati la ana kwa ana ndilo bora kuliko njia zote.

Taarifa ya mwaka ina safu mbili zilizo kando kando, moja ya miaka ya kustahili na nyingine ya miaka ya malipo. Ni muundo mzuri, na mwanachama wa saa chache anapoiona safu ya pili ikiwa ndogo asishtuke, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa kuwa. Safu ya kumshtua ni ya kwanza. Ikiwa haijaongezeka mwaka huu, ana miezi sita tangu tarehe ya taarifa kuwasilisha malalamiko akiwa na hati za mshahara, na baada ya muda huo marekebisho hufanywa kwa kibali cha wadhamini tu. Mwajiri naye hutunza kumbukumbu za mishahara kwa miaka michache kisha huziondoa, na baadhi ya waajiri hufunga shughuli zao kabla ya mfanyakazi kustaafu, kwa hiyo nakala iliyo mikononi mwa mwanachama huweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya kuthibitisha saa alizolipwa.